Taa za LED, Kuanzia Michoro Hadi Makabidhiano

Kwenye karatasi, hoja ya kuweka taa za LED za kuongozea magari ni nyepesi kuitetea. Balbu ya zamani hula wati 60 hadi 150 na kwa kawaida hubadilishwa karibu kila mwaka. LED ya kazi ileile hula wati 10 hadi 20, nayo huahidiwa kudumu miaka 5 hadi 10. Balbu ikiungua, rangi nzima inazimika papo hapo. LED ni vijitaa vingi kwa pamoja. Vikifa viwili vitatu, dereva bado anaiona nyekundu.

Ipo faida nyingine inayoifaa Bukoba hasa. Asubuhi jua huchomoza upande wa Ziwa Victoria na kuzipiga usoni taa zinazotazama ziwani. Nyuma ya balbu ya zamani kuna kioo cha kuakisi mwanga. Miale ikiingia humo, dereva anayepandisha kutoka ziwani anaweza kudhani rangi zote tatu zinawaka. Taa za LED nyingi hazina kioo hicho, kwa hiyo utata huo hupungua sana.

Mpaka hapo mpango wa kuweka LED una haki. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huandikwa kwa kuitazama taa, na nyaya husahaulika. LED yenyewe ni ngumu. Kinachotangulia kufa ni saketi ndogo inayoilisha umeme, na adui zake ni radi, unyevu na umeme unaopanda na kushuka. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mkoa wake wa Kagera kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka Uganda. Makadirio yaliyonakiliwa kutoka mji mkavu hayatoshi huku. Taa zikitumia sola, betri na paneli zilizopimwa kwa jua la Dodoma zitachoka mapema katika wiki za mawingu ya masika.

Ujenzi nao una mwendo wake. Huanza mitaro na misingi ya nguzo, zikafuata nyaya za chini ya barabara na kabati la mitambo, na taa zenyewe huja mwisho. Ratiba huvurugika mapema: bomba la maji limekutwa mahali ambapo mchoro unaonyesha udongo mtupu, au nguzo ya umeme inasubiri kuhamishwa na mtu ambaye hakuwemo kwenye mkataba. Mvua husimamisha uchimbaji. Vifaa vikishatoka bandarini Dar es Salaam, bado vina zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Mkandarasi huomba nyongeza ya muda, na mara nyingi sababu zake ni za kweli.

Muda ukibana, hukatwa vile visivyoonekana siku ya kuwasha. Betri ya akiba huondolewa, ingawa ulaji mdogo wa LED ndio unaoiwezesha taa kuendelea kuwaka umeme ukikatika. Waya wa ethi hufukiwa bila kupimwa. Taa ya waenda kwa miguu husubiri awamu ya pili, pamoja na sauti ya kumwongoza asiyeona. Katika mji kama Muleba, ambako barabara kuu ya malori na mabasi inapita katikati ya maduka, hilo si jambo dogo. Dereva wa lori amepata ishara yake. Mwanafunzi na mwenye baiskeli ya ndizi bado wanavuka kwa kubahatisha. Kivuko huchorwa vizuri kwa rangi nyeupe, lakini ukingo wake haukushushwa, na mwenye kiti cha magurudumu anaishia hapo. Kwenye taarifa, kazi imekamilika kwa asilimia 95.

Gharama hukua kwa njia zinazojulikana: thamani ya shilingi, riba ya malipo yaliyochelewa, kazi za ziada chini ya ardhi. Lakini ongezeko ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha huja baada ya makabidhiano. Balbu iliuzwa dukani, ikalipiwa kwa fedha ndogo ya ofisi na kubadilishwa na fundi mwenye ngazi. LED hufa kwa nadra, lakini ikifa hununuliwa nzima, pengine kwa kuagizwa nje na kwa taratibu za manunuzi zilizo ndefu kuliko kazi yenyewe. Aidha, hufifia polepole, kwa hiyo hakuna anayetoa taarifa hadi dereva wa bodaboda aanze kulalamika kwamba kijani haionekani mchana. Umeme uliookolewa ni wa kweli, ila akiba hiyo haiwekwi kwenye fungu la vipuri. Tena mita ya umeme ni ya LUKU, ya kulipia kabla, na nani aijaze ni swali ambalo mikataba mingi huliruka.

Kipindi cha uangalizi wa kasoro kwa kawaida ni miezi 12, yaani masika moja na vuli moja. Saketi iliyopigwa na radi ya kwanza inaweza kuvumilia mpaka ya tatu. Wakati huo mkandarasi ameshalipwa fedha yake ya mwisho iliyozuiliwa, na simu ya mwananchi huenda halmashauri, ambako kwanza huulizwa kama nguzo hiyo iko kwenye barabara ya mji au barabara kuu.