Makumbusho ya Watoto

Nyumba ya makumbusho ni mahali pa kuwekea vitu vya kale na vya ajabu, ili watu wavitazame na kujifunza. Zamani, katika nyumba nyingi za namna hiyo, vitu vyote vilifungiwa ndani ya masanduku ya kioo, na mtoto aliyenyosha mkono alikemewa. Basi alipita akitazama tu, akachoka, wala hakutamani kurudi.

Mwaka 1899, katika Brooklyn, sehemu ya mji wa New York huko Marekani, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho iliyowekwa kwa ajili ya watoto, ya kwanza duniani. Mji wa Boston ukafuata mwaka 1913. Lakini huko Boston nako vioo vilikuwa vingi, mpaka mwaka 1962 alipopewa kuisimamia Bwana Michael Spock, ambaye utotoni mwake aliona taabu kubwa katika kusoma. Mwaka 1964 aliwaonyesha watoto yaliyomo ndani ya vitu. Palikuwa na mpira uliokatwa katikati. Tena palikuwa na kipande cha barabara ya mji, na watoto walishuka shimoni wakajionea wenyewe yaliyo chini yake. Hakuna kitabu kiwezacho kuonyesha jambo hilo vizuri kama hivyo.

Je, vitu havivunjiki? Huvunjika. Kwa hiyo vile visivyopatikana tena hubaki kiooni. Vya kuchezea hutengenezwa imara, na kikivunjika kimoja, fundi hukirekebisha, watoto wakaendelea.