Kumchagua Karani wa Mizani

Msimu wa ununuzi wa pamba unapokaribia, vyama vingi vya msingi huhitaji karani wa mizani. Aghalabu nafasi hiyo hujazwa kwa haraka, kana kwamba ni kibarua cha miezi michache ambacho kijana yeyote ajuaye kusoma na kuandika aweza kukifanya. Pale Igoma, kwenye barabara iendayo Magu na Musoma, vijana waliomaliza shule na wanaotafuta kazi si haba. Tangazo likibandikwa asubuhi, barua za maombi zaweza kumfikia katibu kabla ya jua kutua. Taabu ya katibu, basi, si kupata mwombaji. Taabu ni kumtambua yule ambaye mkulima aweza kumwachia pamba yake juu ya mizani na kumpa kisogo bila wasiwasi.

Yafaa ikumbukwe kwamba ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwa sababu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwapunja uzito, nao wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki pamba kabla haijamfikia mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, lilipatikana mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa herufi VFCU. Lakini mizani haijui imeshikwa na nani. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1966, kamati maalumu ya serikali ilipochunguza vyama vya ushirika nchini iliona, pamoja na kasoro nyingine, uhaba wa watumishi wenye ujuzi na wanachama wasiojua haki zao. Dawa iliyotolewa ilikuwa kali: mwaka 1968 ikaundwa tume ya taifa ya kusimamia utumishi katika ushirika, na uwezo wa kuajiri na kufukuza ukaondoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa vyama. Mwaka 1976 vyama vikuu vyenyewe vikavunjwa. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na vikaanza kazi tena mwaka 1984.

Habari hizo si za kale mno kwa chama cha leo. Mwaka 2018 serikali ilielekeza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, na karani wa chama akajikuta tena amesimama kati ya mkulima na mnunuzi. Chama kinachoajiri vibaya hakiwezi kushangaa wengine wakitaka kukiajiria.

Sifa ya kwanza ya karani wa mizani ni kuandika kile mizani inachosema. Jambo hilo laonekana dogo, lakini hesabu yake si ndogo. Ichukuliwe kwamba chama kinapima mizigo 100 kwa siku na karani hupunguza nusu kilo tu kwa kila mzigo, iwe kwa hila au kwa uvivu wa kungoja mizani itulie. Kwa siku zipatikana kilo 50, na kwa siku 40 za ununuzi, kilo 2,000. Bei ikiwa shilingi 1,150 kwa kilo, wanachama wamepoteza shilingi 2,300,000, na hapana hata mmoja wao atakayejua kwamba ameibiwa.

Sifa ya pili ni ujasiri wa kukataa. Pamba iliyomwagiwa maji au kutiwa mchanga ili ipate uzito huletwa na watu wa kila namna, mara nyingine na mjumbe wa bodi mwenyewe. Karani asiyeweza kumwambia mzee mheshimiwa, kwa adabu, kwamba pamba yake ni fifi wala si safi, atakiletea chama deni siku ile mnunuzi atakaporudisha mzigo. Kwa sababu hiyo upole peke yake hautoshi, ingawa wapo wenyeviti waupendao mno.

Cheti kina thamani yake. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kimefundisha watumishi wengi, na mtunza vitabu asiye na mafunzo ni hatari kwa chama. Hata hivyo cheti hakioneshi mtu atafanya nini saa nane mchana, foleni ikiwa ndefu na watu wakipiga kelele. Jambo hilo hujulikana kwa majaribio.

Majaribio hayahitaji gharama. Ipangwe mifuko kumi ambayo uzito wake bodi imekwisha kuupima, kisha kila mwombaji apime, aandike stakabadhi kumi na kutoa jumla, watu wawili wakimwita na kumsemesha wakati wote. Katika ukurasa wa daftari anaopewa kuendeleza, litiwe kosa moja la kujumlisha, lililo dhahiri. Mmoja atamaliza upesi, kwa mwandiko mzuri, na kosa litabaki pale pale. Mwingine, ambaye labda alikuwa akipima mahindi katika duka la sokoni, atakawia, atarudia mfuko wa sita, kisha ataliuliza lile kosa. Bodi nyingi humchukua yule wa kwanza. Huyo aweza kufaa kwa kazi nyingine. Mizani apewe wa pili.

Barua za sifa zisitegemewe sana, kwa kuwa ni watu wachache wenye moyo wa kumwandikia kijana maneno mabaya. Ni afadhali katibu aende mwenyewe kwa mwajiri wa zamani na kuuliza swali moja tu: je, angemkabidhi tena ufunguo wa ghala? Mtu akikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, katibu amekwisha kupata jibu.

Liko pia suala la jamaa. Katika kijiji ambamo karibu kila mtu ni shemeji au mpwa wa mwingine, kukataza undugu kabisa ni kukataza ajira. Linalowezekana ni hili: mjumbe mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje ya kikao, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Vilevile, hata karani mwema asipewe kupima na kulipa fedha kwa wakati mmoja. Wengi walioharibika kazini waliingia wakiwa waaminifu. Chama ndicho kilichowaachia peke yao mizani, stakabadhi na sanduku la fedha.

Aliyechaguliwa apewe masharti yake kwa maandishi, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inavyotaka, na muda wa majaribio utajwe humo. Kabla ya siku ya kwanza ya ununuzi aoneshwe muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani, na afundishwe kuijaribu kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana mbele ya wakulima wawili waliotangulia foleni. Majina ya wakulima hao yaandikwe katika daftari la siku hiyo.