Daraja la 3 la nani? Kusoma viwango vya mchovyo wa nikeli kabla ya kulipa

Mchoro wa kifaa unapofika karakana ya michovyo, maelezo ya nikeli mara nyingi huwa mstari mmoja tu uliobanwa pembeni: "Mchovyo wa nikeli bila umeme, Daraja la 3." Aliyeuandika anaona kazi yake imekwisha. Fundi anayeusoma hawezi hata kuwasha oveni kabla hajauliza: Daraja la 3 la kiwango gani?

Katika kiwango cha Marekani cha ASTM B733, Daraja la 3 ni kupasha kifaa joto la nyuzijoto 180 hadi 200 kwa saa mbili mpaka nne, ili nikeli ishike vizuri kwenye chuma na haidrojeni iliyoingia wakati wa kuchovya itoke. Katika AMS-C-26074, kiwango kilichoanzia jeshini na sasa kimo mikononi mwa shirika la SAE, Daraja la 3 linahusu alumini za aina isiyoongezwa ugumu kwa moto. Namba ni ileile, lakini metali na matibabu yake havifanani. Mtu akinukuu namba bila kutaja kiwango, hajaagiza kitu.

Nayaandika haya kwa sababu hasara ya mstari kama huo humwangukia asiyeuandika. Mnunuzi hupokea kifaa kinachong'aa, cheti kimeambatishwa, kila mtu ameridhika. Kasoro hujitokeza baadaye, pampu ikiwa imeshafungwa na maji ya chumvi yameshaanza kula chuma chini ya tabaka. Hapo fundi wa zamu ndiye anayeamshwa usiku.

Nikeli iliyozidi hesabu

Teknolojia ya kuchovya nikeli bila umeme ilitokana na hesabu iliyogoma kukaa sawa. Mwaka 1944, Abner Brenner na Grace Riddell wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, jijini Washington, walikuwa wakichovya sehemu ya ndani ya mirija kwa kutumia umeme. Walikuwa wameongeza haipofosfiti kwenye mchanganyiko ili kuzuia kemikali nyingine zisiharibike. Walipopima, wakakuta nikeli iliyoganda inazidi kiasi ambacho umeme uliopita ungeweza kuleta, na hata nje ya mirija, mahali ambapo haikutazamiwa, nikeli ilikuwa imeganda. Kemikali yenyewe ilikuwa inafanya kazi ya umeme.

Hadi leo msingi ni huohuo. Kifaa huzamishwa katika mchanganyiko wenye chumvi ya nikeli na haipofosfiti ya sodiamu, ukiwa na joto la karibu nyuzijoto 90. Popote kimiminika kinapofika, nikeli huganda kwa unene unaokaribiana: ndani ya tundu, kwenye kona, katikati ya meno ya bolti. Mchovyo wa umeme hauwezi hivyo, kwa kuwa umeme hukimbilia ncha na kingo na kuacha mashimo yakiwa na njaa. Ndiyo maana vali za mafuta na gesi, rola za mashine za kuchapisha na diski za kompyuta zimetegemea njia hii.

Lakini kinachoganda si nikeli tupu. Huganda pamoja na fosforasi itokayo kwenye haipofosfiti, na kiasi cha fosforasi hiyo ndicho kinachoamua tabia ya tabaka zima. Ikiwa kidogo, tabaka hutoka gumu tangu kwenye tangi na huvumilia magadi makali. Ikifika asilimia 10 na kuendelea, tabaka hukataa kutu vizuri zaidi, hasa penye asidi na chumvi, na kwa kawaida sumaku hailivuti.

Viwango vitatu, lugha tatu

Hapa ndipo viwango vinapoachana. ASTM B733 hugawa mchovyo kwa aina za fosforasi. Aina ya II ni asilimia 1 hadi 3, ya III ni 2 hadi 4, ya IV ni 5 hadi 9, na ya V ni 10 au zaidi. Aina ya I haina sharti lolote la fosforasi, kwa hiyo anayeiandika kwa mazoea amemwachia mchovyaji achague. AMS-C-26074 haina mgawanyo huo wa aina. Yenyewe hutazama matibabu ya joto na unene.

ISO 4527 ya mwaka 2003 ina njia ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Maelezo huandikwa kwa mfuatano, metali ya chini ikitangulia. Ukiona Fe/NiP(10)25, unaambiwa kwamba kifaa ni cha chuma, mchovyo ni nikeli yenye fosforasi asilimia 10, na unene usipungue mikroni 25. Tiba ya joto ikihitajika, huingizwa mahali pake katika mfuatano huohuo.

Kwenye unene nako kuna mtego. B733 huanzia kwenye mazingira ya kazi: SC1 ni mikroni 5, SC2 ni 13, SC3 ni 25, na SC4, kwa kazi ngumu kabisa, ni 75. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ulinzi unavyoongezeka. AMS-C-26074 hutumia herufi ambazo hazifuati mpangilio huo. Gredi A ni mikroni 25, Gredi B ni takriban 13, Gredi C ni 38. Anayedhani A ndiyo nene kuliko zote atapata tabaka jembamba kuliko alilohitaji.

Tena unene huo huwekwa kila upande. Shafti iliyochovywa mikroni 25 huongezeka mikroni 50 kwenye kipenyo. Kwenye meno ya bolti ya kawaida, yenye pembe ya digrii 60, kipenyo cha katikati ya meno huongezeka mara nne ya unene, yaani mikroni 100 nzima. Bolti iliyokuwa ikiingia kwenye nati kabla ya kuchovywa haitaingia tena, na mchovyaji atalaumiwa bure. Nafasi hiyo ilipaswa kuachwa na mchonga vyuma, na mchoro ndio ulipaswa kumwambia.

Moto unaojenga na moto unaobomoa

Daraja la 2 lina maana inayokaribiana katika viwango vyote viwili vya Marekani: kupasha moto ili kuongeza ugumu. Kwenye nyuzijoto 400 kwa muda wa saa moja hivi, ugumu hupanda sana, na B733 hudai usiopungua 850 kwa kipimo cha Knoop. Ugumu huo una gharama. Tabaka huingia nyufa ndogondogo, na uwezo wake wa kukataa kutu hushuka. Anayetaka ugumu wa juu kabisa na kinga ya juu kabisa dhidi ya kutu kwenye tabaka moja anaomba mambo mawili yanayopingana, na ni wajibu wa muuzaji kumweleza hivyo kabla ya kupokea fedha.

Kwa alumini hatari ni kubwa zaidi. Alumini ya 6061 iliyopewa nguvu kwa moto, ikiingizwa kwenye oveni ya nyuzijoto 400, hulainika. Tabaka litakuwa gumu juu ya kifaa kilichopoteza nguvu yake. Ndiyo sababu B733 imeitengea alumini ya namna hiyo Daraja la 4, lenye nyuzijoto 120 hadi 130 tu.

Michoro mingi bado inataja MIL-C-26074, jina la zamani la kijeshi la AMS-C-26074. Mwezi Juni 1994 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, William Perry, aliagiza jeshi litumie zaidi viwango vya kiraia, na baada ya hapo nyaraka nyingi za aina hii zilihamia mashirika kama SAE. Mchoro unaotaja jina la kale unahitaji uamuzi wa mhandisi, aandike kiwango kipi kinachukua nafasi yake.

Kwa anayeagiza, mambo ya kuandika ni sita: kiwango na mwaka wa toleo lake, metali ya kifaa, kiasi cha fosforasi, unene na sehemu utakapopimwa, tiba ya joto, na majaribio ya kupokelea kazi, kama vile kushika kwa tabaka, vitundu, au mnyunyizo wa chumvi. Chuma chenye nguvu kubwa kitajwe wazi, kwa sababu haidrojeni iliyobaki ndani yake inaweza kukivunja ghafla, na kupashwa kwake hakungoji kesho.

Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kusoma vipimo vya mchoro kwa uangalifu mkubwa. Mstari wa mchovyo unastahili somo lake pia. Mwanafunzi apewe viwango viwili mezani, aonyeshwe namba moja yenye maana mbili, kisha aandike agizo ambalo fundi asiyemjua, katika nchi nyingine, atalitekeleza bila kupiga simu.