Daftari la Kikundi Likiwa Kwenye Kompyuta: Tulitunze Namna Gani?

Wanavikundi wenzetu, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi kuna vikundi katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kariobangi na Dandora hadi Umoja na Kayole, ambavyo daftari lao limeingia kwenye kompyuta. Kikundi kina kompyuta moja ya mezani, na maofisa watatu au wanne wanaitumia kwa zamu. Ni hatua nzuri. Lakini je, tunajua daftari hilo linavyoweza kuharibika? Likipotea, mama aliyeweka akiba mwaka mzima atathibitishaje kwamba alilipa?

Hifadhidata ni nini?

Ni majedwali kadhaa yanayohusiana. Jedwali moja lina wanachama, la pili lina michango, la tatu lina mikopo. Kinachoyaunganisha ni nambari ya mwanachama. Hata tukiwa na akina Wanjiku watatu, kila mmoja ana nambari yake, na kufanana kwa majina hakuchanganyi pesa zao. Katika programu kama Microsoft Access, majedwali hayo yote hukaa ndani ya faili moja. Hapo ndipo penye faida, na hapo hapo ndipo penye hatari: faili hiyo moja ikiharibika, kila kitu kimeharibika.

Mambo yanayoharibu faili

La kwanza ni stima. Tunakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Ikipotea wakati kompyuta inaandika, faili inaweza kubaki nusu nusu, isifunguke tena. Kompyuta ya mezani haina betri yake, kwa hiyo ni vizuri kikundi kinunue kifaa cha betri kinachoitwa UPS. Hakitatupa stima ya siku nzima, lakini dakika chache zinatosha kufunga faili na kuzima mashine polepole. Tusizime kwa kuchomoa waya ukutani!

La pili ni nakala nyingi zinazoandikwa. Tuseme katibu anachukua faili kwa flashi aandike michango ya Jumapili nyumbani. Wakati huo huo mweka hazina yuko ofisini anaandika malipo ya mikopo. Jumatatu tuna madaftari mawili, na hakuna hata moja lililokamilika. Basi kanuni iwe hii: daftari kuu ni moja, na huandikwa mahali pamoja tu. Flashi ni ya kubeba nakala, si ya kufanyia kazi.

Kama kikundi kina kompyuta mbili, zinaweza kuunganishwa kwa waya. Majedwali yabaki kwenye kompyuta moja, na kila kompyuta iwe na fomu zake za kuandikia. Faili ya namna hii isifunguliwe kupitia Wi-Fi, kwa sababu mawasiliano yakikatika katikati, faili inaweza kuharibika kama vile stima imepotea.

Nakala za akiba

Kila siku ya kuandika iwe pia siku ya kutoa nakala. Tufanye hivi:

1. Kila mtu afunge programu kwanza. Faili ya Access ikiwa wazi, kando yake huwa kuna faili ndogo yenye jina lile lile, inayoishia na laccdb. Ikiwa bado ipo, huenda kuna mtu hajafunga. Tusinakili.

2. Nakala ipewe jina lenye tarehe, mwaka ukitangulia, kwa mfano Kikundi-2025-03-09. Hivyo zitajipanga zenyewe. Tusifute ya jana kwa kuweka ya leo juu yake, maana pengine kosa liliingia jana.

3. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, moja kwenye flashi ofisini, na nyingine ilale nyumba tofauti. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia nyumba za Mathare yalitufundisha kwamba maji hayachagui kitu. Wezi nao wakibeba kompyuta, flashi iliyo kando yake huenda nayo.

4. Mara moja kwa mwezi, tufungue nakala na tuhesabu: wanachama ni wangapi, jumla ya akiba ni ngapi? Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Flashi hizo zisipelekwe saiba kuchapishia barua, zisije zikarudi na virusi.

Tujue pia kwamba tukifuta kitu ndani ya Access, faili haipungui. Programu ina amri ya kubana na kurekebisha faili. Itumiwe mara kwa mara, ila nakala itolewe kwanza.

Siri na uaminifu

Daftari letu lina nambari za vitambulisho, za simu, na madeni ya watu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, deni la jirani si habari ya kuzungumzwa kwenye foleni ya maji. Tuweke neno la siri. Lakini tukilisahau, faili inaweza kutufungia nje kabisa. Kwa hiyo liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, likae kwa ofisa ambaye si karani. Maofisa wakibadilishwa, neno nalo libadilishwe.

Jambo kubwa kuliko yote: mwenye kujua kompyuta asigeuke mwenye kikundi. Wafundishwe watu wawili au watatu, na mmoja wao awe kijana. Kosa likiingia, lisifutwe kimya kimya. Iandikwe hesabu ya kusahihisha, yenye tarehe na sababu. Na katika kila mkutano orodha ya akiba ichapishwe, kila mwanachama aone mstari wake na aulinganishe na kijitabu chake au ujumbe wa M-PESA. Mama asiyejua kusoma asomewe kando na mtu anayemwamini. Hapo kompyuta inakuwa ya wote.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Kompyuta yetu ikiibwa usiku wa leo, kesho tutaanzia wapi?

Ni nani kati yetu, mbali na karani, anayeweza kufungua daftari?

Mara ya mwisho tulifungua nakala lini, na ni mwanachama gani aliyeona hesabu yake?