Pua ya Mtoto na Afya ya Masikio Yake

 

Mama akileta kliniki mtoto anayelia kwa maumivu ya sikio, mimi humuuliza kwanza kama mtoto amekuwa na mafua. Wengi hushangaa. "Sista, kinachomuuma ni sikio, mbona unaniuliza mambo ya pua?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo somo letu la leo.

Nyuma ya pua, pale juu ya koo, kuna mrija mdogo unaoelekea ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo. Kila upande una mrija wake. Kazi yake ni kupitisha hewa na kutoa majimaji yanayokusanyika ndani ya sikio. Umewahi kupanda matatu kutoka Kisii ukiteremka kwenda Homa Bay, masikio yakaziba, ukameza mate yakazibuka? Hapo ni mrija huo umefunguka.

Kwa mtu mzima mrija huu ni mrefu na umeinama, kwa hivyo majimaji hushuka kwa urahisi. Kwa mtoto mdogo ni mfupi, mwembamba, na umekaa karibu kulala. Akishikwa na mafua, mrija huvimba na kuziba. Majimaji hubaki ndani, viini kutoka puani huingia na kuzaana, na usaha hujaa. Kiwambo kikipasuka, usaha hutoka nje.

Watoto wengine wako hatarini zaidi. Kuna wenye vinyama vilivyovimba nyuma ya pua: hukoroma usiku na kuhema kwa mdomo hata wasipokuwa na mafua. Kuna waliozaliwa na ufa katika kaakaa. Hawa wapimwe masikio mara kwa mara.

Je, ufanye nini nyumbani?

Kwanza, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Unapomlisha, kichwa chake kiwe juu kidogo. Usimpe chupa akiwa amelala chali.

Pili, mweke mbali na moshi. Najua msimu wa mvua huku kwetu Kisii na Nyamira tunapika ndani, mtoto akiwa mgongoni. Fungua dirisha la jiko, na mtoto akae na mtu mwingine ukiwasha kuni. Moshi wa sigara pia ni mbaya.

Tatu, mfundishe mtoto kupenga kamasi polepole, tundu moja baada ya jingine. Akibana pua zote mbili na kupenga kwa nguvu, uchafu husukumwa kwenye mrija.

Nne, hakikisha amepata chanjo zote. Tangu mwaka 2011 Kenya hutoa chanjo ya nimonia kwa watoto wachanga. Chanjo hiyo hukinga pia baadhi ya viini vinavyoleta ugonjwa wa sikio.

Sikio likiuma au likitoa usaha, mpeleke mtoto kituo cha afya. Akipewa dawa, amalize zote hata kama maumivu yameisha. Kausha usaha mara tatu kwa siku: sokota kitambaa safi kinachofyonza maji, kiweke sikioni, kikilowa kitoe uweke kingine, mpaka sikio likauke. Usiache kitambaa ndani. Usitie mafuta, maji ya majani, wala dawa iliyobaki kwa jirani. Usichokore kwa kijiti.

Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Mama, usidanganyike na sikio linalotoa usaha bila kuuma. Likiendelea kwa majuma mawili au zaidi, mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kusikia. Atachelewa kuzungumza. Akifika shuleni hatamsikia mwalimu, naye ataitwa mkaidi au mzito wa kuelewa. Ikiwa unamwita mtoto kwa nyuma na haitiki, au huongeza sauti ya redio kila mara, usimchape. Mpeleke akapimwe masikio.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunza pua leo, uokoe sikio la kesho.