Usikimbilie Kuitupa Kompyuta Iliyochoka

Jumamosi moja asubuhi tulikutana katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu, si mbali na soko la Kariakoo, kuandaa hesabu za mgao. Sisi akina mama wa kikundi huweka akiba kila wiki, na mwisho wa mwaka kila mmoja hupewa haki yake. Hesabu zote zimo katika kompyuta ya mezani tuliyopewa na msamaria mmoja, ofisi yake iliponunua mpya.

Tuliiwasha. Tukachemsha chai, tukainywa, tukaosha vikombe. Tuliporudi mezani, mashine ilikuwa bado inazungusha kile kiduara chake. Mama mtunza hazina alijishika tama. Mgao ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Tulimwita fundi. Aliitazama kwa dakika chache, akasema, "Mama zangu, hii imekufa. Nunueni nyingine." Bei aliyotutajia ingemeza fedha zote tulizotenga kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto yatima tunaowatunza. Tulimshukuru, tukamwambia tutajadiliana.

Mpendwa msomaji, huenda na wewe unayo mashine ya namna hiyo nyumbani. Watoto wanaitaka kwa masomo, baba anaitaka kwa kazi zake, nawe una hesabu zako za biashara. Je, ni lazima kuitupa kila inapochoka? La hasha! Hebu tukueleze tulivyofanya sisi.

Mgonjwa hupimwa kwanza

Sisi tuliosomea uuguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Homa si ugonjwa, ni dalili tu. Vivyo hivyo, kompyuta kuwa nzito ni dalili, na chanzo chake kinaweza kuwa kimoja kati ya kadhaa.

Ndani ya kasha la kompyuta kuna vitu viwili vinavyosababisha uzito mara nyingi. Cha kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Cha pili ni diski, mahali kazi zako zote zinapohifadhiwa hata umeme ukizimwa.

Fikiria jiko lako. Diski ni kabati, ramu ni meza ya kukatia mboga. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kukata kitunguu itakubidi kwanza urudishe nyanya kabatini. Mpishi si mvivu, bali nafasi haimtoshi. Ndivyo kompyuta yenye ramu kidogo inavyohangaika.

Na kabati lenyewe laweza kuwa zito kufunguka. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta kilichoandikwa. Diski za siku hizi, ziitwazo SSD, hazina kitu kinachozunguka. Hata ile ya bei nafuu inayotumia waya zilezile za diski ya zamani husoma megabaiti zipatazo 500 kwa sekunde, ilhali ya kuzunguka husoma kati ya 100 na 200. Zaidi ya hapo, haipotezi muda kuusubiri mkono ufike.

Utajuaje kipi kinakusumbua? Kama mashine yako inatumia Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litakalofunguka lina sehemu iitwayo Performance. Fungua kazi unazozifanya kila siku, kisha tazama. Kama ramu imejaa karibu yote, meza ni ndogo. Kama diski inabaki asilimia 100 kwa muda mrefu, kabati linakushinda. Ya kwetu ilikuwa na yote mawili: ramu ya gigabaiti 2 tu, na diski ya kuzunguka.

Mali bila daftari

Hapo ndipo tuliposhtuka. Wakati tunapewa ile mashine, tuliambiwa ina gigabaiti 4. Tulipoufungua ubavu wake tukaona nafasi mbili za kuchomeka ramu. Moja ilikuwa na kipande, nyingine ilikuwa wazi. Vumbi lilikuwa limeganda kila mahali, lakini ndani ya ile nafasi iliyo wazi hapakuwa na vumbi hata chembe.

Tulikumbuka kwamba miezi michache nyuma mashine ililala siku mbili kwa fundi mwingine, na tangu iliporudi ilizidi kuwa nzito. Je, kuna aliyechomoa? Hatuwezi kumshutumu mtu kwa jambo tusilo na ushahidi nalo. Hatukuwahi kuifungua wala kuandika kilichomo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Akiba yetu tuliiandikia daftari hadi senti ya mwisho, lakini mashine inayoitunza hatukuiandikia hata mstari mmoja.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kumpa mtu yeyote kompyuta yako, ifungue au mwombe kijana wako aifungue mbele yako. Piga picha ya ndani kwa simu. Andika ukubwa wa ramu, idadi ya vipande, ukubwa wa diski na namba zilizo juu yake. Mpe fundi nakala, naye atie sahihi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Safari ya Kariakoo

Kununua kifaa bila kujua jina lake ni sawa na kumwambia mwuza dawa, "Nipe vidonge vyeupe." Ramu zina vizazi. Zile za kizazi cha DDR3 huonekana katika mashine za miaka ya 2010, na za DDR4 zilianza kuuzwa mwaka 2014. Hazibadilishani. Kila kizazi kina pengo dogo kwenye ukingo wake, na mapengo hayo hayako mahali pamoja. Kikikataa kuingia usikilazimishe, utavunja. Tena, ramu ya kompyuta ya mezani ina urefu wa sentimita 13 hivi, na ya kompyuta ya kubebeka ni kama nusu yake.

Tulichomoa kile kipande chetu, tukakifunga katika karatasi safi, tukaenda nacho. Tulishuka kwenye mwendokasi pale Gerezani, tukaingia kwa miguu hadi Mtaa wa Aggrey. Wanaokaa Dar es Salaam wanaujua msongamano ule: mikokoteni, wamachinga, na vijana wanaokushika mkono kila mmoja akikuvuta dukani kwake.

Kijana mmoja alitusalimu vizuri. "Shikamooni mama zangu. Mnataka nini niwape?" Tulimwitikia, tukamwonyesha kipande chetu. Alikigeuza, akasema, "Hii ni DDR3, mama. Ninayo, lakini imeshatumika." Tulipenda ukweli wake. Kwa mashine ya umri ule, kifaa kilichotumika si dhambi, mradi kijaribiwe. Tukamwomba akichomeke katika mashine yake mbele yetu, naye akafanya hivyo bila kununa. Tulinunua vipande viwili vya gigabaiti 4, na SSD mpya ya gigabaiti 240.

Tulijifunza mambo matatu siku ile. Kwanza, zunguka maduka kadhaa kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa bei hupishana sana. Pili, jihadhari na diski yenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya mchicha. Zipo bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa, kumbe ndani ni ndogo, nazo hupoteza kazi zako zikijaa. Tatu, dai risiti ya mashine ya EFD, na muda wa dhamana uandikwe. Maneno ya mdomo hayarudishi fedha.

Siku ya kuifungua

Kwanza kabisa tulinakili hesabu zetu zote mahali pawili: kwenye flashi na kwenye kompyuta ya binti wa mmoja wetu. Tafadhali usiiruke hatua hii. Kifaa hununuliwa tena, lakini hesabu za mwaka mzima hazinunuliwi.

Kisha tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukakibonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Tulipiga picha ya kila waya ulipochomekwa. Kabla ya kugusa chochote ndani, tuligusa chuma cha kasha. Mwili hubeba umeme mdogo ambao sisi hatuusikii, lakini waweza kuua ramu. Shika kipande kwa kingo, usiguse zile alama za rangi ya dhahabu.

Vumbi tulilitoa nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, isiyo na maji, huku tukilishika feni kwa kidole lisizunguke. Lile boksi la chuma linaloingiza umeme hatukulifungua, nawe usilifungue. Hata likichomolewa, ndani yake huweza kubaki umeme wa kumdhuru mtu.

Ramu huingizwa kwa kuilinganisha na pengo lake, kisha kuibonyeza pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. SSD tuliichomeka kwenye waya mbili zilezile zilizokuwa za diski ya zamani.

Tulipowasha, mashine ilipiga mlio mara kadhaa na kioo kikabaki cheusi. Mmoja wetu alisema, "Jamani, tumeiua!" Lakini binti yetu alitulia. Alizima, akachomoa waya, akazitoa ramu na kuzirudisha kwa kubonyeza zaidi. Mara hii ikawaka. Kumbe kipande kimoja hakikuwa kimekaa sawasawa.

Betri ndogo, hatari kubwa

Saa ya kompyuta yetu ilikuwa ikirudi nyuma kila inapozimwa. Hiyo ni dalili ya betri ndogo ya duara, ya volti 3, iliyo kwenye ubao mkuu wa ndani. Mara nyingi namba yake ni CR2032. Kuibadilisha ni rahisi na haina gharama kubwa.

Lakini hapa tunazungumza kama wauguzi na kama mama. Betri hiyo ina upana wa milimita 20, na inang'aa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata kama imeisha nguvu. Huenda akatoa mate mengi, akakohoa au akakataa kula. Huenda pia asionyeshe dalili yoyote. Ukishuku tu kwamba ameimeza, usimtapishe wala usisubiri hadi asubuhi. Mkimbize hospitali yenye eksirei, useme wazi kwamba ni betri. Ya kwetu iliyochoka tuliizungushia gundi ya karatasi pande zote mara tu ilipotoka, tukaiweka mbali na watoto.

Dawa isiyotibu kila kitu

Hatutaki kukudanganya. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa mpya kiasi pamoja na kiini maalumu cha usalama. Kuongeza ramu hakuibadilishi prosesa iliyozeeka. Ya kwetu haikustahili. Binti yetu alituwekea Linux, ambayo hailipiwi, na programu ya hesabu ya LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure. Hesabu zetu zilifunguka. Mama mtunza hazina alinung'unika wiki mbili kwa kuwa vitufe vilihama mahali, kisha akazoea.

Tena, kama ubao mkuu umeliwa na kutu, au una vikopo vidogo vilivyovimba na kuvuja, usiendelee kumimina fedha. Hapo ule ushauri wa kununua nyingine ni wa haki.

Na ile diski ya zamani? Ilikuwa na majina, namba za simu na madeni ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuzilinde taarifa za watu. Hata bila sheria, siri ya mwenzako ni amana. Hatukuiuza wala kuiacha dukani. Imefungiwa kabatini.

Siku ya mgao

Siku ya mgao ilipofika, mashine iliwaka kabla hatujamaliza kuvuta viti. Kila mama alipata haki yake, na hapakuwa na ugomvi. Gharama yote haikufika robo ya bei tuliyotajiwa kwa mashine mpya, na watoto walipata sare zao.

Ndani ya mlango wa kabati tumebandika karatasi moja: ramu, vipande viwili vya gigabaiti 4, SSD moja ya gigabaiti 240, betri, mpya. Chini yake zipo sahihi tatu. Mama mtunza hazina huikagua kila anapofungua akiba.