Sponji Imeoza, Spika Haijafa

Ukikuta jozi ya spika kongwe za mbao kwenye rundo la mitumba, zile ndogo za kukaa juu ya kabati, gusa kwa kidole ukingo wa koni kubwa. Mara nyingi sponji inayoizunguka itamegeka na kukuachia ungaunga wa kahawia unaonata. Wanunuzi wengi huishia hapo, wakiamini spika imekufa. Kumbe ukanda huo mwembamba ulikusudiwa uwe mlaini kuliko kiungo kingine chochote cha spika, na ulaini wake ndio uliokiwezesha kiboksi kile kutoa besi. Fundi anayelijua hilo huiokoa spika. Asiyelijua huirudisha ikilia, lakini besi yake imepotea.

Jozi ninayoizungumzia niliinunua Kasulu mjini na kuifungulia Mtabila. Wengi wanaifahamu Mtabila kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Leo ni makao ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hizi ni nyanda za juu za Kigoma. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Mei, kisha kinaingia kiangazi cha vumbi jekundu. Ni ukanda uliozoea redio: Redio Kwizera ilianza kurusha matangazo kutoka Ngara mwaka 1995, ikiwahudumia wakimbizi na wenyeji wao. Kwa hiyo fundi redio si mgeni huku, na hali ya hewa humletea kazi misimu yote miwili. Unyevu wa masika huila sponji, na vumbi la kiangazi huingia kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni.

Tuanze na unyevu. Tangu miaka ya 1970 watengenezaji wengi walitumia sponji ya poliyurethani, na aina iliyopendwa ilishikanishwa na viungo vya kikemia viitwavyo esta. Maji yana uwezo wa kuvunja viungo hivyo, hata yakiwa mvuke tu hewani. Kila kiungo kinapovunjika huzaa asidi kidogo, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika kwa vingine. Ndiyo maana sponji huonekana nzima kwa miaka mingi, halafu ikianza kuoza haichukui muda kuisha. Huoza hata kama spika haikupigwa kabisa, kwa sababu kinachoiua ni hewa yenye unyevu. Spika iliyofichwa stoo haikupona kwa kufichwa.

Kwa nini basi walichagua kitu kinachooza? Jibu linaanzia mwaka 1954, kule Cambridge, Massachusetts, Marekani. Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss, alitoa spika iitwayo AR-1 chini ya kampuni ya Acoustic Research. Kabla yake, aliyetaka besi nzito alihitaji boksi kubwa mno. Villchur aliifunga spika ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa, kisha akaifanya koni ining'inie kwa ulegevu mkubwa. Kazi ya kuirudisha koni mahali pake aliiachia hewa iliyofungiwa. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kisha usukume mpini: hewa inakusukuma nyuma. Hewa hiyo hurudisha koni kwa usawa zaidi kuliko kitambaa au karatasi iliyokunjwa, kwa hiyo mlio hauchakachuliwi.

Mpango huo una sharti moja: ukanda wa ukingoni uwe mlaini sana, usishindane na hewa. Hapa ndipo matengenezo mengi ya mtaani yanapoharibikia. Sponji ikioza, fundi hukata mpira wa tairi la ndani au kipande cha kitambaa kizito, akabandika kwa gundi nyingi. Spika inalia, mteja anaondoka, lakini besi haimo.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme hewa ya ndani ya boksi ilichangia robo tatu ya ugumu wote unaoirudisha koni, na sponji pamoja na kitambaa cha mikunjo kilicho nyuma ya koni vikachangia robo iliyobaki. Ukiweka mpira unaoifanya robo hiyo iwe ngumu mara 4, ugumu wote hupanda kutoka sehemu 4 hadi 7. Mtikisiko wa asili wa koni hufuata kipeuo cha pili cha ugumu, hivyo ulio kwenye hezi 60 utaruka hadi karibu hezi 79. Chini ya kiwango hicho boksi lililofungwa hupunguza sauti kwa desibeli 12 kila masafa yanapogawanywa nusu, yaani nguvu ya sauti hushuka mara 16. Uzi mnene wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41. Spika ile ile, yenye sumaku ile ile, imepoteza karibu desibeli 5 za uzi huo kwa sababu ya kipande cha mpira.

Dawa ni kununua pete mpya za sponji, au za mpira mlaini uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kabla ya kuagiza, kwa maana spika mbili za inchi 8 zinaweza kutofautiana. Kwa mvua za huku, pete ya mpira mlaini inafaa zaidi kwa kudumu, mradi isiwe nzito kuliko ya awali.

Kabla ya kubandika chochote, hakikisha koili ni nzima. Weka mita kwenye omu: spika iliyoandikwa 8 husoma takriban 6 ikiwa hai. Kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwa kufumba na kufumbua. Chanya ikiwa kwenye alama nyekundu, koni ya kawaida huruka kwenda mbele. Fanya hivyo kwa spika zote mbili, kwani moja ikifungwa kinyume, koni zitasukuma hewa kwa kupishana na besi itajifuta yenyewe.

Sasa bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, usikilize. Mkwaruzo maana yake kuna kitu kwenye mwanya wa sumaku, ambao mara nyingi haufiki hata nusu milimita kila upande wa koili. Udongo wetu mwekundu umepakwa rangi na oksidi za chuma, na baadhi ya chembe zake huvutwa na sumaku. Usipulize, utazisukuma ndani zaidi. Kata kile kikofia cha katikati kwa wembe, ingiza ukanda wa karatasi ya gundi, uzungushe polepole na utoe. Unatoka na nywelenywele nyeusi za chembe zilizosimama zenyewe juu ya gundi. Rudia hadi itoke safi. Kisha zungushia koili vipande vyembamba vya karatasi ngumu ili ikae katikati wakati gundi ya pete inakauka.

Sumaku yenyewe ina historia inayopita jirani yetu. Spika nyingi za zamani zilitumia alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, jimbo la Shaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyokuwa Zaire na iliyoongoza duniani kwa kobalti. Bei ya madini hayo ikapaa, na watengenezaji wa spika, JBL wakiwamo, wakahamia feraiti, ambayo ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu. Ukiona nyuma ya koni kisahani kipana cheusi, hiyo ni feraiti. Haishiki kutu, na ikitumiwa kawaida itabaki na nguvu zake kwa muda mrefu kuliko umri wa mnunuzi.

Kiungo cha pili kinachozeeka ni kapasita iliyo njiani kuelekea twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kazi yake ni kuzuia masafa ya chini yasiunguze waya mwembamba wa twita. Zile za bei nafuu zina majimaji ndani, na yakikauka sauti za juu hufifia. Usiweke moja ya kawaida ya redio yenye chanya na hasi, kwani muziki hubadilisha mwelekeo kila mara. Kama isiyo na upande haipatikani, unganisha mbili za mikrofaradi 10 hasi kwa hasi, na utapata 5. Inayodumu zaidi ni ile ya plastiki, kwa sababu haina cha kukauka.

Ukishafunga kila kitu, sukuma koni kidogo na uiachie. Boksi likiwa limeziba vizuri, koni hurudi kwa uzito kidogo. Ikirudi upesi, hewa inavuja, na besi itavuja nayo. Tafuta mwanya kwenye skrubu na vituo vya waya.

Unaponunua, basi, acha spika yenye koili iliyoungua au mbao zilizovimba kwa maji. Iliyooza sponji ichukue, na uozo huo uwe hoja yako ya kupunguziwa bei. Ukimaliza kuitengeneza, andika kwa kalamu ya risasi ndani ya boksi mwaka, kipenyo cha pete na thamani ya kapasita. Pete uliyoweka itachakaa siku moja, na fundi atakayeifungua anastahili kukuta vipimo badala ya kubahatisha.